Nimepita Tu

4 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila miguu inalalamika. Goti lako je, limepoa?

Cheti cha ufundi wa lifti ninacho, kazi sina. Leo nimeingia karakana kubwa ya lifti iliyo nyuma ya soko. Fundi Mkuu alikuwa amelala chali chini ya mtambo, nikaona viatu tu. Nikavieleza shida zangu zote. Viatu vikasema hakuna nafasi. Nisipopata kazi mwaka huu, narudi kukushonea vifungo, na unajua mimi na sindano hatuelewani.

Mwanao


10 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linanitii likijisikia. Papara hiyo ni ya kaka yangu, aliyemposa mama yako kabla hajamjua jina. Mtu hamjajuana unamtwisha mzigo? Mimi wateja niliwapata kwa salamu, mwaka mzima nawajulia hali, mpaka siku wakitaka gauni wananikumbuka mimi. Rudi kwa huyo fundi. Salimia, uliza habari za mitambo yake, uondoke. Kuomba kazi, marufuku.

Shangazi yako


22 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nimesikia goti limekuruhusu kwenda harusini kwa jirani, hongera.

Kila Ijumaa nakwenda karakana. Wakiuliza wanisaidie nini, nasema, "Hamna, nimepita tu." Sasa wote wananiita Nimepita Tu. Fundi Mkuu kumbe ana uso, tena mcheshi kweli. Amenifundisha kutambua kamba ya chuma iliyochoka kwa mlio wake. Juzi kanipeleka kwenye mkutano wa mafundi wenzake, akanitambulisha kwa kila mtu. Napapenda mno pale, Shangazi. Lakini kazi hajaitaja, na mimi ulimi nimeuuma mpaka basi.

Mwanao


1 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Endelea kuuuma.

Shangazi yako


27 Novemba

Shangazi,

Shikamoo, natumaini hujambo. Mwaka ndio huo unaisha. Kesho nakwenda kuwaaga, na nitalia. Niandalie sindano.

Mwanao


3 Desemba

Shangazi,

Shikamoo. Kaa kwanza, kwa ajili ya goti.

Nilipoaga, Fundi Mkuu akashangaa. "Unarudi nyumbani? Na kazi yako utamwachia nani?"

Nikamwuliza, "Kazi gani?"

Karakana nzima ikageuka kunitazama. Kumbe miezi yote hiyo walidhani nimeajiriwa mahali, napitia kwao nikitoka kazini. Siku ile ya viatu Fundi Mkuu hakuwa ameniona sura, hakujua kwamba yule mwomba kazi ndiye mimi. Tena mwezi uliopita alitafuta fundi, akawaambia wenzake anataka mtu kama Nimepita Tu, bahati mbaya yeye ana kazi yake. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanitupia ovaroli.

Nimeanza Jumatatu. Nina furaha hata usingizi hauji.

Mwanao


9 Desemba

Mwanangu,

Marahaba, marahaba tena. Nimecheka hadi mteja akadhani nacheka gauni lake.

Kuna kitu nilisahau kukwambia. Mwaka ule wa salamu, mlangoni kwangu nilikuwa nimetundika ubao: FUNDI CHEREHANI. Kila niliyemsalimia alijua ninachotafuta. Wewe nilikutuma bila ubao, mwanangu, ukasimama hivyo hivyo mpaka wakakupenda.

Nakuja mwezi ujao. Goti halitaki ngazi, kwa hiyo hakikisha lifti moja inafanya kazi. Usihangaike kuandaa chochote. Nitapita tu.

Shangazi yako