Kadi Kumi na Mbili kutoka Krakow

Jumatatu, 12 Mei

Vidonge vitatu saa moja asubuhi. Uji nusu kikombe. Miguu imevimba tena, viatu haviingii. Nimekaa mlangoni kuota jua mpaka likahamia kwa jirani.

Kuna jambo nimelificha kwa miaka hamsini. Kadi kumi na mbili ambazo Rodah anazitunza katika kopo la biskuti, akiamini ziliandikwa na kaka yake Wafula, niliziandika mimi. Wafula alikuwa ameshakufa.

Basi. Limeandikwa.

Daktari amesema nisijisumbue kupanga mambo ya Krismasi. Alisema kwa upole, akitazama dirisha.

Jumanne, 13 Mei

Rodah amekuja na supu. Anakaa mstari wa pili hapa hapa mtaa wa Ziwani, Nairobi, katika nyumba aliyozaliwa. Ana kibanda cha chakula Soko la Burma, kando ya mabucha, na kila jioni huniletea supu ya mifupa kwa chupa ya chai. Hajakosa hata siku moja tangu mke wangu afariki. Binti yangu Wambui yuko Nakuru, hupiga simu Jumapili. Rodah huja kila siku. Najua kwa nini. Mimi ndiye mtu wa mwisho aliyemwona kaka yake. Tuliondoka pamoja, vijana wawili wa Ziwani, kwenda kusomea uhandisi Poland. Nilirudi peke yangu. Nikasema Wafula amepata kazi, amebaki.

Leo alikuwa na habari. Binti yake Nelima, wa maabara, anatumwa Ulaya kwa mafunzo ya siku kumi. Mji wenyewe ni Krakow.

Supu ilinimwagikia kifuani. Rodah alidhani ni furaha.

Jumatano, 14 Mei

Nelima mwenyewe, na kopo la biskuti. "Guka, niaje!" Huniita Guka, yaani babu kwa Kikikuyu, tangu utotoni, ingawa yeye ni wa Bungoma na mimi ni Mkikuyu. "Nipangie kadi za mjomba. Asubuhi niko darasani, mchana niko huru. Naanza wapi?"

Nikazitandaza kitandani. Sikuwa nimezishika zote kumi na mbili kwa miaka mingi. Wino wa rangi moja. Mwandiko umeinamia upande mmoja. Nilingoja aone. Hakuona.

Nikampangia. Aanzie uwanja mkubwa, katikati ya mji wa kale, aingie katika ule ukumbi mrefu wa kale wa wauza nguo, apite katikati yake polepole. Anunue mkate wa pete kwa mwenye kigari, ule wenye chumvi. Auone mnara uliobaki peke yake, jengo lake lilishabomolewa. Azunguke bustani iliyopandwa pale palipokuwa na ukuta wa mji, saa moja kwa mguu, kivuli mwanzo mpaka mwisho. Halafu apande kilima cha ngome ya wafalme, kisha ateremke kwenye pango mpaka mtoni, kwenye sanamu ya joka la shaba. Na kila saa kamili asimame alipo asikilize. Juu ya mnara wa kanisa la Bikira Maria kuna mpiga tarumbeta. Hupiga pande nne, na kila mara hukata wimbo katikati. Wanasema mlinzi wa zamani alichomwa mshale kooni akiwaamsha watu.

Hiyo ndiyo kadi Mama Wafula aliyoipenda kuliko zote. Hakujua kusoma. Mimi ndiye niliyemsomea, hapa Ziwani, kila ilipofika kadi. Kila mara aliniuliza: "Na mpaka leo hawajapata wa kuumaliza?"

Kadi zile hazina habari. Hakuna baridi, hakuna kazi, hakuna mke, hakuna mtoto. Niliziandika zote kwa juma moja kabla ya kurudi, kijitabu cha watalii kikiwa wazi mezani, nikamwachia mama mwenye nyumba azitie posta moja moja, Pasaka na Krismasi, kwa miaka sita. Mtu anayeandika barua ya miaka sita ijayo aandike nini? Niliandika majengo. Majengo hayaugui.

Jumamosi, 17 Mei

Amefika. Rodah alikuja na simu mkononi kabla hata ya kuvua aproni. Picha ya uwanja. Farasi wenye manyoya kichwani. Nelima mbele ya lile joka, nalo linatema moto, na yeye ameruka pembeni mdomo wazi.

"Wafula alisema ukweli," akasema Rodah. "Linatema kweli! Kaka yangu ameona joka. Mimi nimeona Burma."

Tulicheka. Nilicheka kwa dhati. Kisha akaenda, nikabaki na bakuli.

Jumapili, 18 Mei

Sikwenda kanisani. Wambui alipiga simu. Mvua huko. Watoto wazima. Akasema, "Baba, jitunze," na mimi nikasema ninajitunza.

Mchana wote nimewaza mgomba.

Kadi zilipokoma, wajomba wa Rodah walikuja kutoka Bungoma. Walisema mtu akipotea namna hiyo, likakatwa gogo la mgomba, likavishwa nguo, likazikwa mahali pake, yeye hupumzika na waliobaki huendelea. Walizungumza kwa heshima. Walitaka Mama akubali. Mama akanitazama mimi, kisha akawatazama wao. "Mtu anayeandika hazikwi," akasema.

Nilikuwa nimekaa pale na chai yao mkononi. Nikajiambia hiyo ni mila ya watu wengine, mimi hainihusu. Nikajiambia nimempa tumaini, na tumaini si kitu kibaya. Mama aliishi miaka kumi na tisa akingoja kadi ya kumi na tatu. Amezikwa Bungoma, na kwa amri yake waliacha nafasi ubavuni mwake. Rodah huenda kuifyeka kila Desemba.

Mimi niliitengeneza nafasi ile.

Jumatatu, 19 Mei

Ujumbe wa Nelima, Rodah akanisikilizisha sauti. Anasema amemaliza kadi nane. Anasema mkate wa pete ni mgumu, meno yake yana kesi nao. Kisha: "Guka, Jumatano hatuna somo asubuhi. Naenda chuo chenu, kwenye ofisi ya kumbukumbu. Wanatunza faili za zamani. Wataniambia mjomba alihamia wapi."

Rodah alinishika bega. Alikuwa analia kidogo, kwa matumaini. Umri wake miaka hamsini na saba, na uso ulikuwa wa mtoto.

Katika faili ile kuna karatasi. Najua kilichomo. Mwandiko ni wangu.

Jumanne, 20 Mei

Nilijaribu jioni. Nilisema, "Rodah, kaa." Akakaa. Nikamwomba anisogezee mto.

Mimi ni mwoga. Nilikuwa mwoga nikiwa na nguvu, sembuse sasa.

Jumatano, 21 Mei

Nimemwambia.

Alipomimina supu nilisema kaka yako alikufa. Majira ya baridi ya pili. Mapafu. Alilala hospitali siku kumi na moja, nilimtembelea mara tatu. Amezikwa kule, nyuma ya kituo cha gari la moshi, penye miti. Kadi ni zangu.

Nilidhani atapiga kelele. Alifunika chupa. Akaweka kifuniko, akakikaza, akakikaza tena.

"Ulitusomea," akasema. "Nilikuwa nimekaa mapajani mwa Mama, na wewe unasoma. Ulikuwa unabadilisha sauti, Baba Wambui. Ulikuwa unasoma kwa sauti ya Wafula."

Ni kweli. Nilikuwa nimelisahau hilo. Yeye hakusahau.

Kisha aliuliza swali moja tu. Kwa nini hawakumrudisha nyumbani?

Nikasema, "Ilikuwa mbali. Siku zile haikuwezekana."

Akachukua chupa na supu yake, akaondoka.

Miaka hamsini, na nilipofungua mdomo kutoa uongo nikaacha mmoja ndani.

Alhamisi, 22 Mei

Hakuna supu. Mkate na chai ya rangi.

Ijumaa, 23 Mei

Hakuna supu. Nilimwona akipita kwenda Burma na sufuria yake kichwani. Nilisalimu. Alijibu, kwa sababu amelelewa vizuri.

Wafula alikuwa na mzaha mwingi. Mchana wa kwanza Krakow, tarumbeta ilipokatika, alipiga makofi peke yake uwanja mzima, akapiga kelele, "Rudia! Ulikuwa unaanza kuelewana nayo!" Watu wakageuka. Nilimvuta koti kwa aibu. Hilo sikuliandika kwenye kadi yoyote. Ningeandika hilo moja tu, Mama angekuwa na kitu cha mwanawe mwenyewe. Badala yake nilimpa urefu wa minara.

Jumamosi, 24 Mei

Nelima amepiga simu. Kwangu, si kwa mama yake. Hakusema niaje.

"Guka. Mama ameniambia."

Alikwenda chuoni, akapata faili. Bibi mmoja mzee wa kumbukumbu alimhurumia, akamruhusu kupiga picha ukurasa mmoja. Kisha akamwelekeza makaburini. Alitafuta mstari, akatafuta namba. Pale pamelazwa familia nyingine, jiwe jeusi, maua mapya.

"Wanasema kaburi lisilo na jamaa hupisha wengine baada ya miaka kadhaa," akasema. "Lakini yeye si alikuwa na jamaa, Guka? Kwa nini hawakutuandikia?"

Nikasema simu inakatika. Haikuwa inakatika.

Nimekaa na simu mapajani. Nilijua hana tena mtu wa kumsafishia jiwe. Sikujua kwamba hata jiwe halipo. Kwa hiyo hayuko Bungoma, na hayuko Krakow. Amebaki katika kopo la biskuti, kwa mwandiko wangu.

Jumapili, 25 Mei

Rodah amekuja baada ya ibada. Nguo ya kanisa, kitambaa cheupe. Bila chupa. Alivuta kigoda akakaa, si mbali, si karibu.

Alisema amezungumza na wazee wa kwao. Nelima akirudi watakwenda Bungoma, watakata mgomba, watamlaza Wafula ubavuni mwa Mama. Alisema atamvisha shati lake la shule, Mama alilitunza. Hakuniomba niende. Anajua siwezi kufika hata kituo cha basi.

Kisha akatoa simu. Ile picha ya ukurasa. Wino umefifia, na maneno ni ya Kipolandi. Nelima alijaribu kuyatafsiri kwa mashine, mwandiko ukaishinda. Katika Ziwani nzima mimi ndiye pekee ninayeweza kuusoma.

"Nisomee," akasema. "Kama ulivyokuwa unatusomea. Lakini kwa sauti yako."

Nikavaa miwani. Nikasoma jina lake lote. Nikasoma siku aliyozaliwa, na Nairobi. Nikasoma ugonjwa, na chumba cha hospitali. Rodah alikuwa amesogeza kigoda bila kujua, kichwa kimeinama upande, vile vile alivyofanya akiwa msichana mdogo.

Nikafika mstari wa jamaa. Nikavua miwani.

Ningeweza kusema umefutika. Nilifikiria. Nje, jirani alikuwa anaosha sufuria bombani, maji yakawa yanapita mlangoni kwangu.

"Malizia, Baba Wambui."

Nikamwambia. Chuo kilikuwa tayari kumleta. Kilihitaji anwani ya jamaa wa kumpokea, na mtu wa kusindikiza jeneza mpaka nyumbani. Mkenya mwingine pale alikuwa mimi tu. Mitihani ilikuwa imebaki majuma matatu, na nilijua nikitoka sitarudishwa masomoni. Anwani ya Mama niliijua kwa moyo, ilikuwa mlango wa pili kutoka kwetu. Walinipa karatasi na kalamu.

Mahali pa jamaa niliandika: hana.