Moto wa Banda la Chokaa na Jina la Marehemu Jaribu

KAMATI YA UJENZI WA MSIKITI, VITONGOJI, PEMBA
Kumbukumbu za kikao cha dharura, Jumamosi, 6 Aprili 1935

Mahali: Barazani kwa marehemu Jaribu Nyange. Mjane wake yumo edani na hatoki, kwa hiyo Kamati ndiyo iliyomfuata.

Waliohudhuria: Shehe Mbarouk Silima (Mwenyekiti), Mzee Kificho Mmanga (msimamizi wa banda), Fundi Mmanga Ame (mchoma chokaa), Mwalimu Abrahman, Shaame Ame (Katibu).
Aliyealikwa: Bi Tatu, mjane wa marehemu. Alisema akiwa nyuma ya mlango.
Asiyehudhuria: Silima Nyange, mjumbe, bila ya taarifa.

KUMB. NA. 1/35: KUFUNGUA KIKAO
Wajumbe walisoma Fatiha. Mwenyekiti alieleza kwamba banda la kuwekea boriti na chokaa za ujenzi liliungua usiku wa mvua kubwa, na mlinzi wake, Jaribu, alifariki kwa majeraha ya moto baada ya kuingia mara ya pili kuokoa boriti. Ijumaa iliyofuata maneno yalisemwa msikitini kwamba marehemu mwenyewe ndiye aliyeunguza kwa kiko chake. Tangu siku hiyo watu wameacha kufika nyumba hii, na khitma haikusomwa.

KUMB. NA. 2/35: MADAI YA MZEE KIFICHO
Mzee Kificho alikiri kwamba maneno yale ni yake. Alisema banda halikuwa na taa wala jiko, na moto hauzuki wenyewe. Aliongeza kwamba watu wa asili ya bara hawaachi kiko hata usingizini. Mwenyekiti alimtaka aache habari za asili ya mtu.

Bi Tatu alijibu: "Kiko alikiacha hapa nyumbani, juu ya kasha. Kipo mpaka leo, sijakigusa."

Mzee Kificho alisema mke humtetea mumewe, na hilo si ajabu.

KUMB. NA. 3/35: KAULI YA MWALIMU ABRAHMAN
Mwalimu aliuliza chokaa ilikuwa imewekwaje. Fundi Mmanga alieleza kwamba yalikuwa mawe yaliyotoka tanuuni, hayajatiwa maji, yamo katika mapakacha makavu, na chini yametandikwa makumbi ya nazi. Mwalimu alisema huenda moto uliwashwa na mvua.

Mzee Kificho alisema: "Mwalimu, mie nna mvi. Maji huzima. Sijapata kuona mvua ikawasha nyumba."

Mwalimu alieleza kwamba maji yakichemka hugeuka mvuke, na mvuke ukipoa hurudi kuwa maji. Hali imebadilika, kitu ni kile kile. Jiwe la chokaa ni jambo jengine. Likinywa maji huwa kitu kipya, halirudi tena kuwa jiwe lile kwa kukaushwa juani, na katika kugeuka huko hutoa joto kali. Fundi Mmanga alithibitisha kwamba shimo la chokaa huchemka kila anapolitia maji. Alisema hajapata kufikiri joto hilo lingefanya nini juu ya makumbi makavu.

Iliamuliwa jambo hili lijaribiwe hapo hapo uwanjani, mbele ya dirisha la Bi Tatu.

KUMB. NA. 4/35: JARIBIO
Fundi alileta mawe yaliyosalia nyumbani kwake, akayaweka katika pakacha juu ya makumbi. Yalinyunyiziwa maji. Hakuna kilichotokea. Mzee Kificho alisimama, akavaa viatu vyake, akasema amesikia ya kutosha. Ndani kulisikika kilio.

Fundi aliliokota jiwe moja, nalo likavunjika unga mkononi. Alisema mawe hayo yamekaa wazi yakanywa unyevu wa hewa, yamekwisha kugeuka, hayana joto tena. Aliomba asubiriwe aende tanuuni. Mwenyekiti alimwambia Mzee Kificho: "Kaa, mzee mwenzangu. Kama ni haki yako, haitakimbia."

Mawe mapya yalipoletwa, Mwalimu aliyadondoshea maji kidogo kidogo, kama paa linavyovuja. Mawe yalilia, yakapasuka, yakavimba. Mvuke ulipanda, Mwalimu aliushikia sahani, na matone ya maji yakaonekana chini yake. Baadaye ulifuata moshi. Makumbi yalipiga weusi, kisha yakashika moto, na pakacha zima likawaka. Hakuna aliyekuwa amewasha kibiriti.

Bi Tatu aliuliza kwa sauti ndogo: "Mmeona nyote?" Mwenyekiti alimjibu kwamba wameona.

KUMB. NA. 5/35: PAA LA BANDA
Fundi Mmanga aliuliza paa lilivuja upande upi. Aliuliza tena, na safari hii alimwelekea Mzee Kificho. Mzee Kificho alisema ni upande wa kusini, ambao yeye aliahidi kuuezeka kabla ya masika na hakuuezeka. Alisema asubuhi baada ya moto alilikumbuka hilo, akaogopa kulaumiwa, na kiko ndicho kilichomjia mdomoni kwanza.

Mwenyekiti alisema Kamati nayo haina usafi, kwani wote waliyasikia maneno yale na hakuna aliyeuliza.

KUMB. NA. 6/35: MAAMUZI
Kamati iliamua kwamba Jaribu Nyange hakuunguza banda, na kwamba alikufa akilinda mali ya msikiti.

Mzee Kificho alisogea mlangoni, akakaa chini, akaomba radhi. Bi Tatu alimjibu: "Langu nimekusamehe, Mzee Kificho. Lakini ulimsema mbele ya msikiti mzima, na hapa mpo watano."

Mzee Kificho alisema Ijumaa atasimama pale pale aliposimama, na atasema yote, na la paa pia. Ilikubaliwa. Khitma itasomwa siku hiyo baada ya sala, hapa nyumbani.

KUMB. NA. 7/35: MENGINEYO
Mwenyekiti alimuuliza Bi Tatu kama ana neno la mwisho. Alisema tangu mazishi hakuna aliyekaa kwenye baraza hili, na kahawa iko tayari. Aliomba wasiondoke bila ya kunywa.

Kikao kilifungwa saa kumi na nusu alasiri. Wajumbe walibaki mpaka adhana ya magharibi. Mzee Kificho ndiye aliyemimina.

Sahihi: Mbarouk Silima, Mwenyekiti
Sahihi: Shaame Ame, Katibu