Kasuku wa Kina Mama wa Hewani

Jumatatu, 4 Novemba

Nimepiga tena. Mchana, kibanda kitupu, redio ya mteja imefunguliwa mezani na sijaigusa. Simu ya ofisi ya kina mama kule kijijini Hewani ililia, ikalia, halafu yeye. "Hapa ni kundi la kina mama wakulima. Tuko shambani. Sema jina lako, sema habari yako, usiogope, tutasikia." Huvuta pumzi kidogo kabla ya "usiogope". Ni kwa pumzi hiyo napiga.

Ni Mama Karisa. Mke wangu. Wazee hawajatutenganisha, lakini yeye yuko kwao Hewani na mimi niko hapa Garsen na waya zangu.

Mashine ya kupokea simu nilifunga mimi. Ya zamani, ya mkanda, ilitupwa na mradi mmoja uliofunga ofisi hapa mjini. Niliiunga na simu yao ya mezani. Simu yenyewe imefungwa kamba kwenye mguu wa meza, kwa sababu simu ya kundi ikitembea na mtu inakuwa ya mtu. Watu wa juu ya mto wakipiga mchana, mashine inapokea. Kina mama wanaiita kasuku.

Waliotengeneza kasuku walitaka mwenye ofisi akiwa mbali apige, abonyeze siri yake, asikilize ujumbe wake. Siri yenyewe tarakimu mbili. Imebandikwa chini ya kifuniko. Hata asiyeijua ataipata, maana kasuku hakati simu ukikosea. Unabonyeza tu, unabonyeza, zile mbili zikifuatana popote anafungua. Niliona hayo siku ile ile ya kuunga. Nikanyamaza. Nikawaambia, mama zangu, hii ni salama kabisa.

Jumatano, 6 Novemba

Kuna namba nyingine. Ukishaingia ukiibonyeza, kasuku anafungua sikio na unasikia chumba. Hakuna anayejua unasikia. Taa haiwaki.

Leo walikuwa ndani, mvua iliwarudisha. Wanamenya embe. Mama Hiribae, mwenyekiti wao, anamtania mtu kwamba ameolewa na jembe. Kicheko. Halafu cha kwake, cha chini, kinachoanzia puani. Nilikaa na simu sikioni mpaka pesa ikaisha.

Nyumbani kulikuwa na kicheko hicho. Sikukitunza.

Niandike wazi. Hakuondoka kwa njaa wala kwa kipigo. Aliondoka kwa kuwa nilikuwa namchunguza. Alipolala nilishika simu yake. Alipoenda harusini nilisimama nje ya ua. Nilimuuliza kila jina la kiume. Siku anaondoka alisema amechoka kuishi kama mtu wa polisi. Nikaapa mbele ya kaka zake nitaacha. Aliniamini kidogo. Ndiyo maana aliniita mimi, si fundi mwingine, kuja kufunga kasuku.

Ijumaa, 8 Novemba

Amekuja sokoni. Akapita kibandani. Sikumtegemea. Nilificha simu mfukoni kama mwizi.

Akasimama mlangoni, mwavuli unachuruzika. Amenenepa kidogo. Imemkaa vizuri. Akasema Karisa atakuja Krismasi kutoka Voi na mke wake, watakula Hewani. "Na wewe njoo, Baba Karisa. Usije na maneno. Njoo na mchele."

Basi, hayo tu. Nikafunga kibanda mapema. Nikanunua shati.

Sitapiga tena kasuku. Sina haja. Nimeitwa kwa mlango wa mbele.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimepiga.

Ujumbe mmoja. Sauti ya kiume, changa, tamu, Kiswahili cha watu wa ng'ombe. "Hodi. Hodi hapo. Mama Karisa, ni mimi. Habari yako? Umeamkaje? Mwili iko sawa? Nyumba iko sawa? Umelala vizuri? Mimi nakufikiria sana na hii mvua."

Umelala vizuri. Nakufikiria sana. Sikungoja amalize. Nilibonyeza ile namba inayorudisha mkanda mwanzo. Kasuku hafuti, anarudi nyuma tu, na atakayepiga baadaye anaandikwa juu. Taa inazima kama hakuna aliyepiga.

Kisha nikakaa na kufurahi. Ndiyo, nilifurahi. Niliosha mikono nikala wali.

Jumanne, 12 Novemba

Mto umekuja. Asubuhi watu wa Garsen wamesimama darajani wanaangalia. Maji mekundu, magogo, mbuzi mfu mmoja. Chini huko mashamba ya kingoni yamefunikwa. Hewani pia. Pojo yao ilikuwa imekauka, ya kung'olewa wiki hii. Mahindi nayo.

Kila mtu anauliza swali moja. Kwani Chewele hawakupiga?

Huko Chewele, juu ya mto, yuko mzee Barisa. Ana mti wake amechomeka kingoni. Maji yakiupita anapigia watu wa chini, na watu wa chini wana siku kadhaa za kuvuna kabla hayajafika. Redio husema mafuriko kila mwaka, hakuna anayeamka. Barisa akisema, wanaamka.

Barisa ni mzee, sauti yake kama gunia linaburutwa. Ile niliyosikia si yake. Nimejiambia hivyo mara nyingi leo.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimepiga, nikafungua sikio. Niliyoyasikia nilistahili.

Chewele walipiga. Mzee kifua kimembana, kwa hiyo alipiga mkwe wake. Jana mkwe huyo alipiga tena kutoa pole, akapokelewa na Mama Hiribae mwenyewe, akashangaa kuambiwa hawakupata habari. Akasema Jumamosi alieleza yote, hata kipimo cha mti. Kina mama wamejaribu kasuku mbele ya kila mtu. Akapokea vizuri, akasema vizuri. Kasuku mzima. Na ufunguo wa ofisi anao nani? Mama Karisa.

"Umesikia ukakaa nayo," mmoja akasema. "Shamba la kaka yako mbona lilivunwa Jumapili?"

"Lilikuwa limekomaa! Nyinyi mlikuwa kanisani!"

"Ulimvunia ndugu yako, sisi tukaachiwa tope."

Mwingine akamwita mla habari. Alilia. Sijawahi kumsikia akilia mbele ya watu. Mimi nilikuwa kwenye sikio la kasuku, mkono mdomoni.

Mimi ni mtu wa hapa. Nimekulia hapa. Najua mtu hawezi kutoa habari kabla ya salamu, hasa mtu wa ng'ombe. Atauliza mwili, nyumba, usingizi, mvua, mifugo. Habari yenyewe inakaa mwisho kabisa. Na kukufikiria kwa mvua ni kukufikiria kwa mvua. Nilijua hayo yote. Siku ile sikutaka kujua.

Jumamosi, 16 Novemba

Mama Karisa ameileta mashine kibandani mwenyewe, imefungwa kwenye kanga. Macho yamevimba. Kesho Jumapili wanakaa kikao kumtoa kundini, na kwao Hewani ukitolewa hivyo hata kisimani utachota peke yako.

"Iangalie, Baba Karisa. Wao si mafundi. Labda wewe utaona kitu."

Akaenda kwa dada yake kungoja. Nikatoa mkanda, nikauweka kwenye redio kubwa. Mwanzoni mtoto wa mtu, "Haloo? Haloo? Ah, hakuna mtu," akakata. Yule ndiye aliyeandikwa juu. Baada yake, kumbe ujumbe wa zamani bado upo. Ile sauti changa. "...na mbuzi pia iko salama, tunashukuru Mungu. Sasa, Mama Karisa, maji. Maji imepita mti ya mzee leo asubuhi. Imepita sana. Ambia mama zote watoe chakula. Mzee anasema mtoe leo, msingoje. Haya. Salimia nyumba."

Nikasikiliza hadi mwisho. Nikarudia.

Aliporudi ningeweza kumwambia mashine mbovu. Ulimi ulikuwa tayari. Angebeba hilo neno kikaoni na wangemcheka, maana waliijaribu wao wenyewe. Nikasema, "Mashine haina ubovu." Akainamisha kichwa. Akaanza kuifunga tena kwenye kanga, polepole, kama mtu anayefunga maiti ya mtoto.

Hapo nikasema yote. Tarakimu mbili, chumba, kicheko, Jumamosi. Akaacha kufunga kanga.

"Tangu lini?"

"Tangu siku niliyoifunga."

Hakupiga kelele. Nilitaka apige. Alisema tu, "Kwa hiyo sijawahi kutoka kwako." Akachukua mwavuli, akaacha kasuku.

Jumapili, 17 Novemba

Hakuniambia niende. Nikaenda. Barabara imekatika, nusu ya njia mtumbwi. Kasuku mapajani, mkanda mfukoni.

Walikuwa ndani ya kanisa dogo kwa sababu ofisi nayo sasa imeingia maji. Nikaomba kusema. Nikawawekea mkanda wasikie. Halafu nikaeleza nani aliurudisha nyuma, na kwa nini. Nikaeleza na ile namba ya kusikia chumba. Hapo ndipo kelele zilipoanza. Kila mmoja akawa anakumbuka alichowahi kusema ndani ya chumba kile.

"Kumbe kasuku ana mume!" Mama Hiribae alisema. Walicheka, lakini si kicheko cha kunisamehe. Mmoja alinirushia kiatu. Kikanipata.

Wakamwomba Mama Karisa radhi, wale wawili waliomtukana wakapiga magoti. Ufunguo ukabaki kwake. Mimi nikahukumiwa kulima nao msimu mzima bila malipo, na nisipoonekana wataenda kwa chifu.

Kabla ya kuondoka nilifungua kasuku mezani mbele yao. Nikawaonyesha kile kipande kinachosikia tarakimu. Kubadilisha siri hakusaidii, mbili ni mbili. Nikakikata. Sasa anapokea tu, na kumsikiliza lazima mtu awe amekaa mbele yake. Nikamwita Mama Karisa aangalie waya ulipokatika. Aliangalia waya. Mimi hakuniangalia.

Ijumaa, 22 Novemba

Vidole vinaijua ile namba vyenyewe. Nimeifuta kwenye simu lakini kichwani haifutiki. Hata nikipiga nitapata ile salamu yake tu, na hiyo ni ya kila mtu. Sijapiga. Kibanda kina kelele za redio za watu wengine na hakuna kelele hata moja ninayoitaka.

Shati la Krismasi bado kwenye mfuko wake wa dukani. Krismasi haijatajwa. Sitauliza.

Jumatatu, 2 Desemba

Maji yameshuka. Tope zuri, la mpunga. Tumepanda tangu asubuhi, mimi mwanamume peke yangu kwenye mstari, mgongo unauma. Wakinipa miche wananiita Fundi Sikio. Naitika.

Mama Karisa alikuwa mstari wa mbele yangu. Hakunisemesha. Alikuwa anamweleza jirani yake kuhusu mke wa Karisa, kwamba ana mimba, kwamba anatapika samaki. Mjukuu. Sikujua. Jirani akanikonyeza, akamwambia ashushe sauti, yule nyuma anasikia.

"Najua anasikia," alisema. Akaendelea kwa sauti ile ile. Mimi nikaendelea kupanda.