Debe Tupu Bado Linazunguka Mezani

Mwaka umetimia, Babu, tangu uondoke bila kupiga honi. Reli za treni zako ndogo bado zimetandazwa juu ya meza ya kulia, nasi bado tunakula sahani zikiwa magotini kama abiria wa safari ndefu.

Ulikuwa fundi wa meno ya bandia. Mtaa mzima ulicheka kwa kazi ya mikono yako. Mzee akija ameficha mdomo kwa kiganja, ulimwambia tu, "Kaa, ndugu yangu, utatafuna." Ukirudi nyumbani ulinawa, ukavaa ndara, ukashusha pazia la sebule, ukawasha treni. Hapo nyumba nzima ilisinzia nusu. Treni ilipita nyuma ya bakuli la sukari, ikapotea ndani ya handaki la boksi la viatu, ikatokea tena na taa yake ndogo kama mtu aliyekumbuka jambo.

Kwako dunia ilikuwa na watengenezaji wawili tu wa treni ndogo, na ole wake aliyeziita za kuchezea. Walio bora uliwaita Masonara: magurudumu ya chuma, kila skrubu inafunguka, injini inapita kando ya paka aliyelala asitikise hata sikio. Wabovu kupindukia uliwaita Debe Tupu: plastiki na gundi, injini inakohoa kabla ya kuondoka na kupiga yowe kila kona. "Masonara wanatengeneza treni," ulisema. "Hawa wengine wanatengeneza kelele, halafu wanazitia magurudumu."

Mjukuu wako anayesoma shule ya bweni, aliyerudi likizo na elimu ya kutosha kudanganya watu wazima, aliwahi kubandika nembo ya Masonara kwenye injini ya Debe Tupu. Ulifumba macho, ukasikiliza mzunguko mmoja. "Suti ya kuazima," ukasema, "lakini kikohozi ni chake." Ukamwadhibu kwa kumpa ukuu wa stesheni, cheo anachokishika hadi leo kwa unyenyekevu mkubwa.

Wiki iliyopita Shangazi alileta maboksi. "Mama, mwaka umeisha. Meza ni ya kulia." Bibi hakubisha. Aliomba tu treni iwashwe mara ya mwisho, naye akaenda jikoni kukaanga vitunguu. Mkuu wa stesheni, kwa heshima ya siku, akaweka injini ya Masonara. Ikateleza kama kivuli. Tukaitazama kwa fahari.

"Mmewasha?" Bibi akauliza kutoka jikoni.

"Inazunguka, Bibi."

"Siisikii. Weka ile mbovu."

"Debe Tupu? Babu si atafufuka!"

"Basi na afufuke, nimempikia. Nikilisikia linakohoa ndipo najua mume wangu yuko sebuleni. Hiyo nzuri yenu hainiambii kama kuna mtu."

Likawashwa. Likakohoa, likapiga yowe kwenye kona. Jikoni mwiko ukasimama. Shangazi akakalia boksi mojawapo, akaitazama taa ndogo ikiingia handakini, na habari za meza hakuzitaja tena.

Kwa hiyo, Babu, pamoja na heshima zote kwa Masonara, familia imetengua hukumu yako.

Unakumbukwa na mkeo, binti yako mwenye maboksi matupu, wajukuu wako wote, paka, na mkuu wa stesheni.

Tutakukumbuka daima, tena kwa kelele.