Nani Atatupanga Nyuma, Dada Furaha?

Dada Furaha,

Saluni bado ipo palepale Rosettenville. Kiti chako amekipata Aline, yule binti wa Kirundi aliyezaliwa hapahapa. Amechukua pia nafasi yako uwanjani, beki wa kati, pembeni yangu. Kwenye kiti nimeshamzoea. Uwanjani ndiko kulikonishinda.

Mechi ya kwanza bila wewe tulicheza na wasichana wa Diepsloot. Krosi ikaja, nikamwona mshambuliaji wao mrefu anakimbia nyuma ya Aline. Nikapiga kelele, "Achia!" Nilitaka aniachie huyo mrefu, yeye abaki na mwenzake. Aline akadhani namwambia auache mpira. Akasimama. Mpira ukampita mbele ya pua, yule mrefu akaugusa tu, bao. Aline akanigeukia, machozi yanamlenga: "Si umesema niachie, dada?"

Wewe ulikuwa unataja jina kwanza, halafu kazi. "Riziki, mrefu!" Nilimjua wa kumkaba kabla sijageuka. Tena ulisema mapema, mpira ukiwa bado miguuni mwa winga. Siku moja mazoezini nilikuuliza kwa nini hupumziki hata tukiwa tunaongoza. Ulicheka: "Nikisema 'mkabe' bila jina, mtasikia wote na hatakwenda mtu."

Wiki yako ya mwisho hospitalini sauti ilikuwa imekwisha, nami nikawa nakusimulia habari za mvua. Ningekuuliza mengine, dada. Ninge... basi.

Baada ya mechi ile tulizungumza, mimi na Aline, huku tunamsuka mteja mmoja, yeye upande huu, mimi upande ule. Kiswahili anakielewa, ila akishtuka kinamtoka Kizulu. Tukakubaliana neno "achia" tulifute kabisa. Mtu aitwe kwa jina. Anayeufuata mpira aseme "wangu", na hapo wengine tumpishe. Mteja akachoka: "Eish, nisukeni kwanza, mpira baadaye!"

Jumamosi iliyopita tulikuwa Turffontein, tunaongoza kwa bao moja, wakapata kona dakika za mwisho. Kisha nikajisikia naita, "Aline, tisa! Aline, tisa!" Akamfuata namba tisa wao, akaruka naye, na Mama Neema, kipa wetu, akatoka golini: "Wangu!" Akaudaka. Nililia palepale, Furaha, hata refa hajapuliza.

Mama yako alikuwepo. Tangu tukuzike hakuwa amekanyaga uwanjani. Mechi ilipoisha akanishika mkono, akakaa nao muda. "Leo nimewasikia tangu kule barabarani," akasema. Kisha akaomba nimpeleke nyumbani, tukatembea polepole, tukikutaja njia nzima.

Nakuaga hapa, dada yangu, upumzike. Nami nakuahidi, maadamu nina pumzi ya kucheza, hakuna msichana wa ngome yetu atakayeachwa akibahatisha.

Wako,
Riziki