Nimemzulia Bill Mama, Alhamisi Naumbuka

Mpendwa Bi Mshauri, nishike mkono kabla sijaanguka, mimi Idarous, ambaye mtaa mzima wa Alum Rock, huku Uingereza, wakitaka kisa hawendi kwengine. Anaandika mke wangu Mwatima, mie na kalamu hatujuani.

Bibi, Waingereza wa huku wana maneno! Miaka thelathini nimefanya kazi kiwandani Aston na Lakhbir, Singasinga wa Kisumu, na wingu likitanda wenyeji husema kumeingia giza kwa mama yake Bill, na mtu akipita njia ndefu wanasema kauzunguka Wrekin, nikidhani mchezo, mpaka Lakhbir akanipeleka kwa gari nikauona mlima wenyewe umekaa peke yake kama sultani, nikavua kofia, nikasema hawa watu wa nyundo na tanuri, chuoni hawakukaa, lakini wametia mlima mzima mdomoni! Mwili ulinisisimka, wallahi.

Basi mjukuu wangu Iman akaja na rekoda ya shule kunasa misemo ya wazee, akauliza kwa Kiingereza chake, "Babu, huyo Bill ni nani?" Na kwetu msemo hautembei bila kisa, mzee akisema sijui kavuliwa kilemba. Nikamwambia Bill namjua sana, mama yake alikaa mtaa wa Shard End, nikimbebea makaa, akianika mashuka meusi dirishani mvua inateremka, na maiti yake nimeichukua begani. Uongo mtupu.

Lakhbir akanicheka. "Idarous bwana, wazee niliowakuta kiwandani walisema hivyo, na wao Bill hawakumjua. Wewe umebeba makaa ya nani?"

Sasa mwalimu kakipenda kisa, Alhamisi kawaalika wazee wa Shard End, waliozaliwa palepale, Iman awasomee. Watamcheka mtoto. Na nikiungama, hataniuliza kitu tena maisha. Nifanyeje? Mwatima anacheka mpaka kalamu inaruka.

*

Mzee Idarous, shikamoo, na aibu iwe juu yako. Umri huo unamzika mama wa mtu usiyemjua! Unaogopa kuvuliwa kilemba, kumbe atakayesimama kichwa wazi ni Iman.

Pale mlimani lakini ulisema kweli, na mimi nilisoma mara mbili. Chumvi ya nini tena? Midomo mingapi imepokezana jina la mtu asiyejulikana, mpaka likamfikia mtu wa Unguja kama wewe? Hilo linanishangaza kuliko makaa yako.

Mwite Iman leo akitoka shule, hata viatu hajavua. Mwambie, "Nilikudanganya. Bill simjui." Akinuna, mwache anune, haki yake. Halafu mkiandike kisa upya, na Lakhbir awepo: nani alikufundisha, wapi, na ulivyovua kofia. Alhamisi Iman asome hayo, kisha awaulize wale wazee kila mmoja alilisikia neno hilo kwa nani.

Wewe kaa kiti cha nyuma, mdomo umefungwa. Najua ni adhabu. Wataanza kuwataja mama zao, mmoja mmoja, kwa majina. Sikiliza.