Mtu Asiyebeba Kitu

Shinyanga, 9 Juni 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na mama mnaamka salama, na kwamba magoti ya mama hayamsumbui sana na baridi hii. Mimi ni mzima. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unanijibu "ndiyo" hata nikikuuliza mmelima nini.

Uliuliza nafanya nini huku relini. Tunabadilisha makalavati ya zamani, yale mabomba ya zege yanayopitisha maji chini ya reli, lakini treni haziwezi kusimama kwa ajili yetu. Tunafungiwa njia saa chache tu, baada ya treni ya asubuhi, mpaka ile ya mchana ije. Nilipofika, nusu ya saa hizo ziliisha watu wakitafuta spana, wakingoja kokoto na kugombana nani aanze. Ndipo nikaleta utaratibu wa kuondoa upotevu. Kila asubuhi wanyapara wanakutana mbele ya ubao wa kadi, wenye safu ya kila kikundi, kila mmoja anasema kitakachomkwamisha siku hiyo, tunakiondoa kabla njia haijafungwa. Vipande vya kalavati vinafyatuliwa mapema na kupangwa pembeni. Juzi tulimaliza, tukakaa tukinywa maji, treni ndiyo inapita. Mnyapara Lusia alicheka mpaka akafuta machozi.

Injinia Boaz, mkuu wetu, anakusalimu sana. Hajasahau ulivyomfundisha katekisimu.

Mwanao,
Vaileth

Ushirombo, 30 Juni 2024

Mwanangu Vaileth,

Marahaba. Sisi hatujambo, mama anasaga mwenyewe siku hizi. Barua yako nimeisoma kwenye jumuiya, watu wakafurahi kwamba binti yetu anaipangia reli kazi. Mshike vizuri Boaz. Nilipomwomba akukumbuke nafasi ikitokea, hakunigeuzia mgongo.

Baba yako,
Wilbard

Shinyanga, 18 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Habari za nyumbani? Mwili wangu ni mzima, ila roho imechafuka. Nikila, narudisha.

Wakubwa walimsifu Boaz kwa kasi yetu, naye akautwaa ubao. Akaanza kuzunguka akitafuta upotevu. Akamkuta Mageni, mlinzi wa njia, anayesimama juu ya tuta na filimbi na kibendera ili atutahadharishe kitu kikija.

"Huyu anabeba nini?" akauliza mbele ya watu.

"Naangalia njia, bosi," Mageni akasema.

"Njia imefungwa. Mtu asiyebeba kitu ni upotevu."

Akampa beleshi. Nilimfuata ofisini nikamwambia utaratibu huu haukuletwa ili kuwavua watu ulinzi. Akasema naogopa mafanikio yangu mwenyewe.

Jumanne kiberenge cha kampuni yetu wenyewe, kile kigari cha relini, kiliingia kwenye kipande kilichofungwa, kikimleta mpiga picha aje kuupiga picha ubao. Jenereta ilikuwa inanguruma, hakuna aliyesikia. Eliya, kijana mwenye familia kule Buseresere, alikuwa amepiga magoti akikaza boliti. Hospitali wamemkata mguu wa kulia chini ya goti.

Kesho yake Boaz alibandika kadi nyekundu kwenye safu ya kikundi cha Eliya: "Kazi haikukamilika." Kisha akasema tuwapigie makofi waliomaliza. Watu wakapiga, Baba. Damu ilikuwa bado kwenye kokoto.

Nataka kuwaandikia wakubwa wake.

Mwanao,
Vaileth

Ushirombo, 1 Septemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Tunaendelea vizuri. Boaz alifika hapa mwenyewe Jumamosi, akamletea mama kitenge na sukari. Ameumia kwamba unamsema kwa watu. Ajali ni ajali, na huyo kijana atapona. Kazi kama yako haiokotwi njiani. Limeze hilo, mwanangu, usije ukanivunjia heshima kwa mtu aliyekusaidia.

Baba yako,
Wilbard

Ushirombo, 10 Novemba 2024

Mwanangu Vaileth,

Natumaini u mzima, ingawa hujaniandikia tangu siku ile na simu hupokei. Mama anauliza kila jioni kama umeandika.

Nilikwenda Buseresere. Sikwenda kwa wema. Nilitaka nimwone huyo Eliya amepona, nikwambie umekuza mambo. Nikamkuta amekaa juu ya gunia nyumbani kwa dada yake, Limi. Kidonda kimefunguka tena, harufu yake inakupokea kabla hujabisha hodi. Limi anakiosha kwa maji ya chumvi. Nikauliza kampuni imewasaidiaje. Akaingia ndani, akatoka na fulana mbili zilizoandikwa kifuani "Hakuna Upotevu". Ndiyo pole waliyoletewa.

Eliya akaniuliza kama bado uko kazini. Akasema wewe ndiwe uliyemfunga mguu kwa kitenge chako na kumshika mpaka gari likaja. Hukuniandikia hilo.

Nilipofika nyumbani, mama alikuwa ameniwekea chai yenye sukari ya Boaz. Nikaimwaga. Lile neno la kumeza nalirudisha, mwanangu. Fanya unaloliona ni haki, hata ukirudi nyumbani mikono mitupu.

Baba yako,
Wilbard

Shinyanga, 8 Desemba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na safari hii nakula.

Barua yako ilipofika, kesho yake nilisimama mbele ya ubao nikasema siwapangii kazi watu wasio na mlinzi. Mageni akaweka beleshi chini. Lusia akakaa, kikundi chake kikakaa, kisha wote. Njia ikafungwa, saa zikapita, treni ya mchana nayo ikapita, hakuna aliyegusa boliti. Boaz alikuja anahema.

"Mnanipotezea njia."

"Njia ipo, bosi," Lusia akamjibu. "Hakuna wa kuiangalia."

Tulikaa vile siku mbili. Ya tatu Mageni akarudishiwa filimbi, na mwenzake akawekwa upande wa pili.

Usidhani yamekwisha. Kampuni inasema Eliya alizembea. Nimetoa ushahidi wangu kwa watu wa msaada wa sheria, na nimeambiwa mkataba wangu hautaongezwa. Jana walikuja wageni. Boaz akawaonyesha kadi mpya ya kijani: "Ubunifu wa Mwezi: Walinzi wa Njia Pande Zote." Chini yake, jina lake. Wakampigia makofi. Mdomo ulinijaa mate ya uchungu, nikatoka nikaenda kutema kwenye majani.

Nikiwa kule, filimbi ya Mageni ikalia. Watu wote wakatoka relini, wakasimama pembeni na spana zao. Kiberenge kikapita. Mageni alikisindikiza kwa macho mpaka kikapotea, ndipo akashusha kibendera, nao wakarudi kazini.

Krismasi nitapitia Buseresere kwanza, kisha nije nyumbani.

Mwanao,
Vaileth